Salamu za Kumpelekea Babu Yako

Mjukuu wangu Furaha,

Mama yako anakusalimu, mjomba wako Yosefu anakusalimu, mapacha wake wanakusalimu na makamasi yao. Hapa Bwaise maji ya mvua yaliingia jikoni, lakini sisi wazima. Wewe unakula kweli?

Umeniuliza kama babu yako huko mbinguni anajua ulimlilia, maana ulichelewa mazishi.

Nilipokuwa msichana katika kambi ya polisi, bibi yangu aliugua mahututi, padri akaja kumpaka mafuta ya wagonjwa. Basi majirani wakajaa chumbani, kila mtu na salamu zake za kupelekewa marehemu wake. Mama Okello akainama: "Nyanya, mwambie marehemu mume wangu nimeolewa tena, asiningoje."

Bibi akafungua macho. "Umeolewa na yule koplo mlevi? Hiyo kamwambie mwenyewe!" Akaomba uji, akaishi miaka mingi.

Tulicheka mpaka padri akacheka. Lakini mwanangu, mle chumbani hakuna aliyeuliza kama salamu zitafika. Waligombania tu nani atangulie kutuma.

Kwa hiyo niandikie upesi ulichotaka kumwambia babu, nitamfikishia. Upesi ni wa barua tu, mimi sina haraka ya kumfuata.