Vipimo vya Mkono wa Mama

Nyumba mpya,
sebuleni, juu ya mifuko miwili ya saruji.
Jumapili, tarehe 9 Juni.

Mpendwa kaka,

Hujambo? Wifi yangu hajambo? Na mapacha, bado wanagombania upande wa dirishani kila wakienda kulala? Natumaini mgongo wako umepata nafuu na kwamba kazini wameacha kukurusharusha zamu. Sisi huku ni wazima. Mimi na cherehani yangu tunasukumana kama kawaida, mpwa wako amepanda darasa na kimo pia, na mama anakula vizuri na kubishana vizuri zaidi.

Najua unajiuliza kwa nini nimeshika kalamu wakati simu ipo. Ni kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi ya kumaliza sentensi. Barua huwezi kuikatiza maneno. Basi vuta kiti, soma mpaka mwisho, ndipo ukasirike.

Nimebadilisha ramani yako ya umeme, na si kidogo.

Nianze na macho ya mama. Yeye hakutaka ujue, nami nikamtunzia siri miezi mitatu, lakini leo naitoa. Daktari wa macho alisema ni presha ya macho. Kilicho mbele yake anakiona, ila pembeni kumefunga, kama mtu anayechungulia kwenye ufa wa mlango. Kilichopotea hakirudi. Kilichobaki tunakilinda kwa dawa ya matone, asubuhi na jioni, na mimi ndiye askari wa hayo matone.

Tangu siku hiyo mama aligoma katakata kuhama. Alisema nyumba ya zamani anaijua kwa viganja, na hataki kwenda mahali atakapokuwa anashikwa mkono kama mzigo unaoshushwa kwenye gari. “Hamieni nyinyi. Mimi mtanikuta hapa hapa.” Unamjua akisema hivyo. Nami simwachi peke yake, hilo halina mjadala. Kwa hiyo asipohama yeye, sote hatuhami, na nyumba tuliyoihangaikia miaka sita itakuwa ya popo.

Jumamosi ya wiki iliyopita nilimdanganya aje kuangalia madirisha. Tulimkuta fundi umeme, ambaye mtaa mzima unamwita Shoti, na anaapa kwamba jina hilo alipewa kabla hajajifunza kazi. Alikuwa anachimba ukuta kupitisha paipu za nyaya, akifuata ramani yako mstari kwa mstari.

Wewe uliweka swichi zote kulia kwa mlango, juu, pale ambapo mkono wako unafika bila taabu. Ramani safi, sina neno. Lakini mama alipoingia chumba cha kwanza, mkono wake wa kushoto ulikwenda ukutani, chini ya bega, ukaanza kupapasa matofali. Chumba cha pili, vile vile. Cha tatu, vile vile, na hata hakuwa na habari kwamba anafanya hivyo. Nikamwuliza kwa nini kushoto. Akanishangaa.

“Wa kulia si unakuwa umebeba?”

Kaka, fikiria ni nini mkono ule umebeba. Ndoo, sufuria, kuni, wewe, kisha mimi. Nilisimama pale nikaona aibu kwamba nimeishi naye miaka yote hii bila kuliona jambo hilo.

Mimi ni fundi cherehani. Sijawahi kumkatia mteja gauni kwa vipimo vya mtu mwingine, halafu nyumba ya mama nilikuwa nimeiacha ikatwe kwa vipimo vyako. Futi ilikuwa shingoni na chaki mfukoni, kama siku zote. Nikamrudisha mama hadi mlango wa mbele, tukaanza upya. Anaingia, mkono unatua, naweka alama. Milango saba, na alama zote zilikuwa sentimita mia moja na tano kutoka sakafuni, zikipishana kwa unene wa kidole tu.

Shoti aliziangalia zile chaki kwa uchungu. “Dada, upande wa kulia nimeshachimba wote.”

“Basi utauziba, uchimbe kushoto.”

“Na ramani ya kaka yako?”

“Kaka yangu nitamwandikia.”

Ndiyo hii unayoisoma. Alinuna mpaka saa ya chai, kisha akashika patasi.

Usidhani nimekuja kukusema wewe peke yako. Na mimi niliboronga. Niliamini kwamba dawa ya macho dhaifu ni mwanga mwingi, basi nikanunua balbu nyeupe kuliko zote dukani, na vigae vya sakafu vinavyong'aa hadi unaona meno yako. Siku ile tuliomba umeme kwa jirani, tukavuta waya mrefu, tukaziba madirisha kwa mashuka na kumkalisha mama juu ya ndoo iliyofunikwa. Nilipowasha balbu yangu ya fahari, aliinua mkono kujikinga uso utadhani nimemrushia mchanga. Kikombe kilikuwa mkononi mwake na hakukiona.

“Unataka kuniona mimi,” akasema, “au unataka mimi nione?”

Niliizima. Tulijaribu balbu tano. Iliyoshinda ilikuwa ya manjano, si kali, tena imefunikwa na kugeuzwa kumulika ukuta. Hiyo ilipowaka, mama aliinama akasoma maandishi ya mfuko wa saruji, yote, hadi lile onyo la kunawa mikono. Shoti alipiga makofi. Mimi nilikwenda nje kidogo, nikajifanya natafuta futi. Vigae vyangu vimerudi dukani, nimechukua visivyong'aa.

Sasa tuje kwenye taa yako kubwa ya mashada, ile uliyoichorea nyota katikati ya sebule. Haitafungwa. Najua ulivyoipenda, na najua uliiona katika nyumba ambayo wewe ulikuwa unafanya kazi tu, ukajiambia iko siku na sisi. Nimelifikiria hilo sana kabla ya kuamua. Lakini vile vioo vyake vidogo vitamchoma macho mama. Isitoshe, taa moja katikati humfanya mtu afanye kazi ndani ya kivuli chake mwenyewe. Muulize yeyote aliyewahi kutunga uzi kwenye sindano. Badala yake kuna taa nne ndogo karibu na kuta, na moja juu ya kiti chake.

Kuta zitakuwa nyeupe, kwa hiyo swichi zitakuwa nyeusi, apate kuzitofautisha. Soketi nimezipandisha hadi kiunoni, asiiname. Kutoka kitandani kwake hadi chooni kutakuwa na taa ndogo chini kabisa ukutani, zimulike miguu. Pasi na jiko vina waya wao peke yao, hapo tumekufuata wewe, na Shoti anasema ndipo ulipotumia akili. Nimekufikishia sifa zako.

Plasta inapigwa Alhamisi. Barua hii ikikufikia, ukuta utakuwa umekauka. Nimefanya makusudi, sikufichi. Kasirika, lakini sibadilishi.

Limebaki jambo moja. Tulipokuwa tunatoka siku ile, mama alisimama mlango wa mbele, akaniomba chaki. Akanyanyua mkono wa kulia, ambao kwa mara moja haukuwa umebeba kitu, akachora duara juu ya mlango, upande wa nje.

“Hapa iwepo taa. Kila jioni iwake.”

Shoti akamwuliza ya nini, na yeye jioni atakuwa ameshaingia ndani, na hata akiwa nje hataifaidi sana.

“Si yangu,” mama akasema. “Mwanangu haijui nyumba hii. Akifika na giza limeingia, asije akapapasa kuta kama mimi. Kuiwasha nitaiwasha mimi. Kuizima, ataizima yeye.”

Kaka, sikumwuliza tena kama atahama.

Nisalimie wifi, mwambie kitambaa chake kimeshakatwa na bado mikono tu. Wabusu mapacha, waambie shangazi yao amewawekea kila mmoja taa yake, ugomvi uishe. Mpwa wako anamwamkia mjomba wake. Mama anakusalimu sana. Hajui nimekuambia habari za macho, kwa hiyo ukipiga simu jifanye mjinga, si kazi kubwa kwako. Mungu awape afya, na akushike mkono barabara yote mpaka mlangoni kwetu.

Ile taa ya nje Shoti ameifungia nyaya za swichi mbili. Ya kuwashia iko kushoto kwa mlango wa mbele, sentimita mia moja na tano. Ya kuzimia iko kwenye mlango wa chumba chako, na hapo pekee katika nyumba nzima nimekataza plasta isipigwe. Ukuta uko wazi, waya unaning'inia, ncha imefungwa utepe wa gundi. Miaka tisa tangu uondoke ni mingi, na mkono wako unapotua siku hizi sipajui. Chaki ninayo, futi ninayo. Njoo nikupime.

Wako akupendaye,
dada yako mdogo,
Kidomo.