Mwenye Kifua Apite Mbele

Jumatatu, 2 Juni 2025

Nimepandishwa cheo! Ijumaa nilikuwa karani wa masjala, leo "msaidizi wa utafiti". Miaka kumi na tisa ya kutafuta mafaili yaliyopotea, sasa nimepewa kishikwambi, fulana ya bluu na kiti mlangoni pa dharura. Kazi yenyewe: mgonjwa wa maumivu ya kifua akivuka mlango, nabonyeza. Akibandikwa waya za kupima umeme wa moyo — ECG — nabonyeza tena. Katikati ni dakika. Dakika hizo ndizo utafiti.

Dkt. Raudha katoka Dar kuja kutuelekeza. Mpole, anaongea haraka. Anasema dunia nzima mwenye kifua hupimwa ndani ya dakika kumi. Sista Mwanaima, wa meza ya kupanga wagonjwa, akauliza hiyo dunia iko mkoa gani. Tulicheka sote isipokuwa daktari.

Mgonjwa wa kwanza kasubiri saa moja na dakika hamsini na mbili. Mashine tunayo, nzima kabisa. Ipo kabatini. Ufunguo wa kabati ulikuwa mtaa wa Nyasubi, kwenye mkoba wa mtu aliyetoka zamu ya usiku na kulala.

Jumatano, 4 Juni

Wastani: dakika themanini na tatu.

Maswali ya kishikwambi yana mambo. "Maumivu yako ni ngapi, kati ya sifuri na kumi?" Mzee mmoja mfugaji wa ng'ombe akaniuliza: kumi ya nini? Nikamwambia ya maumivu. Kafikiri sana. Kasema ni makubwa kuliko ya mwaka jana. Kishikwambi hakina mahali pa mwaka jana. Nikaandika sita.

Baada yake mchimbaji, anafanya kazi kwenye karasha la kusaga mawe, vumbi mpaka kwenye kope. Yanabana, yanachoma au yanakandamiza? Kasema yote matatu, na kikohozi juu yake. Chagua moja, nikamwambia. Akanitazama kama mtu anayeulizwa mtoto gani anampenda zaidi.

Jumanne, 10 Juni

Dakika kumi na nne!

Kumbe watu wakijua wanahesabiwa, miguu inapata mafuta. Kabati halifungwi tena. Sista Mwanaima sasa anaimba kabisa: "Mwenye kifua apite mbele!" Aliyevunjika mkono akae. Mwenye homa akae. Dkt. Raudha kapiga simu kutupongeza. Nikavimba kama vile nimemponya mtu.

Jioni Sufiani wa bodaboda kanirudisha nyumbani. Kaniuliza fulana ya nini. Nikamweleza yote, utafiti, dakika, mashine. Kanisikiliza kuliko kawaida yake.

Jumatatu, 16 Juni

Vifua thelathini na moja kwa siku moja! Ijumaa vilikuwa tisa.

Mama mmoja shavu limevimba kama andazi — "Kifua, baba." Kijana anachechemea, kifundo cha mguu kama papai — kifua. Nikamuuliza kinauma sehemu gani. Kawaza, kagusa tumbo.

Mchana nikatoka mpaka getini. Kwenye kijiwe cha bodaboda namkuta Sufiani anamfunda abiria: ukifika pale usieleze mengi, sema kifua tu, dakika kumi umeshalala kitandani, mengine utamwambia daktari huko ndani. Aliponiona akanipungia mkono. Kama mshirika wake!

Na ni mshirika wake. Nani kamwambia?

Ijumaa, 20 Juni

Dkt. Raudha kaja kukagua. Ana furaha. Anasema ukubwa wa tatizo la moyo Kanda ya Ziwa umedharauliwa mno, takwimu zetu zitawashangaza watu mkutanoni Arusha. Nilitaka kusema. Nilishafungua mdomo. Sista Mwanaima akanikanyaga chini ya meza.

Baadaye kaniambia: ukisema, kabati litafungwa tena. Hilo nalo kweli. Katika vifua vyote hivi vya kubuni tumewakamata wanne wenye mioyo mibovu kwelikweli. Zamani wanne hao wangetukuta tunatafuta ufunguo.

Kwa hiyo nimenyamaza. Kwa ajili ya wanne. (Na kwa ajili ya fulana, tuseme ukweli.)

Jumapili, 22 Juni

Mama mkwe kafika kutoka Tinde, Mama Mbuke, na mfuko wa michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa. Nikamwamkia nimesimama pembeni, macho chini, inavyopasa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mkwilima."

Mkwilima ni mkwe kwa Kisukuma. Ndiyo mazungumzo yetu ya leo, na hatuna ugomvi wowote. Miaka kumi na saba nimemuoa binti yake na hatujawahi kukaa benchi moja. Mkwe ni mkwe.

Mke wangu Noela anasema mama kaja kupumzika. Siku hizi akichota maji anachoka, anakaa njiani. Nikasema umri. Noela kasema mama ana miaka sitini na mbili tu, mwaka jana alilima shamba la pamba peke yake.

Ni mwanamke wa ajabu. Padri aliwahi kumsifu mbele ya kanisa zima kwa mkeka wa altareni. Kasimama katikati ya makofi, kasema nusu ya mkeka kasuka jirani yake, wapige makofi upya.

Jumanne, 24 Juni

Niandike polepole.

Saa tatu na robo asubuhi. Vifua kumi na vinne kwenye foleni. Noela anaingia, kamshika mama mkono. Mama anatembea mwenyewe, wima. Lakini khanga imelowa jasho mgongoni — na asubuhi hii ya baridi! Uso kama majivu. Kashika taya.

Sista Mwanaima akamuuliza anasumbuliwa na nini. Taya, akasema. Taya, kuchoka, na kichefuchefu kidogo. Kifua je? Mama akatulia, akajisikiliza kwa haki, kama mtu anayeonja mboga.

"Hapana. Kifua hakiniumi."

Basi, meno. Kadi yake ikaenda chini kabisa.

Mimi si daktari. Lakini wale wanne wa kweli niliwaona wakiingia, na jasho lile nalijua. Nikamvuta Noela: mwambie mama aseme kifua. Neno moja tu! Noela akaenda, akamwinamia sikioni. Mama akajibu bila kushusha sauti.

"Nidanganye, kwa umri huu? Wenye vifua watangulie. Wao ndio wanaoumwa."

Wenye vifua wote kumi na wanne wakatazama sakafu. Hakuna aliyempisha.

Kumwendea mwenyewe nisingeweza. Mkwe hambishii mama mkwe. Nikafanya lililo ndani ya uwezo wa mkwe: nikageukia ukuta, nikafungua kishikwambi, nikaandika jina lake. Maumivu ya kifua: NDIYO. Aina: yanakandamiza. Kiwango: tisa. Nikabonyeza. Halafu nikaimba mwenyewe, sauti ikanipasuka katikati: "Mwenye kifua apite mbele!"

Wakaja kumchukua. Alidhani zamu yake imefika, akawaomba radhi waliobaki. Walipoanza kumfungua vifungo vya blauzi ili wabandike waya nikakimbilia korido. Mkwe haoni mambo hayo. Nikasikia mashine inatoa karatasi. Kisha Sista Mwanaima, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake: "Daktari! Njoo sasa hivi!"

Mshtuko wa moyo. Mkubwa. Wakamtafunisha aspirini, wakamtundikia dripu, wakamzunguka mpaka sikuona tena hata miguu yake.

Dakika tisa. Rekodi yetu tangu tuanze.

Jumatano, 25 Juni

Kaamka! Kanywa uji vijiko vinne. Daktari wa zamu anasema angekaa kwenye foleni saa moja zaidi tungekuwa tunazungumza mengine. Kesho apelekwe Mwanza kwa mabingwa.

Noela kanishukuru. Kisha kalia. Kisha kaniuliza: kwani mama alisema kifua? Nikamweleza, nikamsihi asimwambie. Kasema nisiwe na wasiwasi, yeye ana kifua, siri haitoki.

Siku hizi kila mtu ana kifua.

Alhamisi, 26 Juni. Saa nne asubuhi

Naandika nikiwa masjala, nyuma ya rafu. Nimewaambia nakuja kutafuta kalamu.

Ilivyokuwa: gari la Mwanza lipo mlangoni tangu saa mbili. Ni gari la utafiti — la hospitali lipo gereji tangu Mei, na lini litatoka hakuna anayejua. Sharti la gari la utafiti ni moja: linabeba waliomo kwenye utafiti. Mama yumo. Kwa kidole changu.

Dkt. Raudha kaja mwenyewe. Kabla mgonjwa hajasafirishwa husomewa majibu yake ili ayathibitishe. Nilisimama mlangoni pa wodi. Akasoma: jina, umri, Tinde, hana sukari, havuti sigara. Mama anaitikia kila moja. Akaendelea:

"Ulifika ukilalamika maumivu ya kifua."

"Hapana."

"Mama, labda umesahau. Siku ile ulikuwa na hali mbaya."

"Mwanangu, kinachoumwa ni moyo. Kichwa ni kizima. Nilisema taya, na kuchoka. Nani kaandika kifua?"

Sista Mwanaima akaanza kunyoosha shuka lililokwisha kunyooka. Noela akanitazama, akaacha, akanitazama tena.

"Ni mimi, mama," nikasema. Niliiambia sakafu.

Mama akajiinua kidogo kwenye mto.

"Wabeja, mkwilima," akasema. "Asante. Umeniokoa. Sasa futa."

Dkt. Raudha akanitoa nje, kwenye korido. Kavua miwani, anasugua macho. Anasema mama akifutwa, hayumo. Asipokuwemo, gari si lake. Kisha akasema, kama anajisemea: wanawake wengi moyo huwaanza hivyo hivyo, taya, uchovu, kichefuchefu, mwaka wa tatu nafundisha wanafunzi jambo hilo. Nikamuuliza mbona basi fomu haina taya. Kasema fomu ilipitishwa hivyo. Kuibadilisha ni miezi minane.

Akaniuliza wapo wangapi wengine. Wengine gani? Walioandikwa kifua bila kusema kifua. Nikamjibu kweli tupu: hakuna. Wote walisema kwa midomo yao wenyewe, mwenye jino, mwenye mguu, wote. Kwenye fomu zote mia tatu na kitu, ya uongo ni moja tu. Ya mwenye moyo.

Alianza kucheka, halafu ikawa si kicheko.

Tukarudi. Noela amepiga magoti kando ya kitanda: mama, nakuomba, panda kwanza gari, tutafuta baadaye. Mama anampapasa kichwa kama mtoto. Baadaye ni lini? Na nikifia njiani, nitakwenda kujieleza kwa nani kwamba nimepanda gari la watu kwa maneno ambayo sikuyasema?

Dkt. Raudha akasema, taratibu sana, kwamba marekebisho hayafanyiki kwenye kishikwambi. Ni kwenye karatasi, na mgonjwa aweke saini. Sista Mwanaima akaleta kidau cha wino kwa ajili ya dole gumba. Mama akakirudisha. Yeye kasoma elimu ya watu wazima, ataandika jina lake lote. Leteni kalamu.

Hapo ndipo kalamu zikaisha. Sista Mwanaima, ambaye siku zote ana mbili zimechomekwa kwenye nywele, kasema hana, na kichwa kakifunika kitambaa. Dkt. Raudha kajipapasa mifuko yote ya koti, kasema kaisahau Dar. Muuguzi wa kitanda cha pili kageukia dirisha. Wote wakanitazama mimi, karani.

Nikasema masjala zipo. Nikaondoka kwa hatua za mtu mwenye haraka.

Robo saa sasa. Akisaini, anabaki. Asiposaini, hapandi. Na moyo wake hausubiri tuelewane.

Dereva anapiga honi. Noela ananiita kwenye korido, kwa jina la mtoto wetu: Baba Nelly! Baba Nelly, umeipata? Na nyuma yake, kutoka wodini, sauti ya mama, dhaifu lakini tulivu: mwacheni atafute vizuri, mimi nipo.

Kalamu ninayo. Ni hii. Maadamu naandika, haijapatikana.

Honi tena.

Mistari miwili imebaki ukurasa huu