Mtoto Anayelia Mwishoni mwa Wimbo

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Sisi hatujambo, na hesabu nimefaulu.

Shuleni sasa tunafundishwa mashairi ya marehemu Baba. Jana mwalimu alituwekea ule wimbo wake wa rap unaojulikana kila mahali, mliorekodi ndani ya kabati la nguo ili sauti isirudi. Mtoto mchanga alipolia mwishoni, darasa zima lilinigeukia. Nikainama, maana Kaka hudai ni yeye.

"Wewe ulikuwa bado hujafika duniani, bibie," hunitania. "Baba alinirekodi mimi."

Watu humpa mkono barabarani kwa kilio hicho. Ninamwonea wivu, Shangazi, na hata wewe ninakuonea, uliyebanana na Baba mle kabatini ukiimba kiitikio.

Mama anasema mliurekodi tena wimbo huo nilipozaliwa, ila hakumbuki uliotoka ni upi, wa kwanza au wa pili. Wewe ulikuwepo mara zote mbili. Analia nani?

Kama ni Kaka, niandikie mimi peke yangu, nami nitanyamaza. Kama ni mimi, tafadhali mwandikie Mama. Barua zake husomwa na Kaka, kwa sauti, wote tukiwa mezani.

Nasubiri jibu lako kwa hamu,
Binti wa kaka yako