Bara au Unguja

Jumatatu, 4 Machi 1957
Korti ya Amu asubuhi. Kesi mbili za mbuzi walioingia mashamba ya watu. Nimefasiri mpaka koo limekauka. Baadaye Bwana DC kaniita. Nafasi za masomo ni mbili: chuo cha polisi bara, au chuo cha sheria Unguja. Bara kuna mshahara tangu siku ya kwanza. Unguja hakuna. Anataka jibu wiki ijayo.

Mama ataka Unguja. Bara, asema, watu wauana. Mimi pia naogopa. Lakini tangu baba afariki, mama ashona kofia za kuuza na macho yake yameanza kufa. Moyo waelekea bara.

Jumatano, 6 Machi
Mtu katoroka kizuizini. Askari wamejaa Mkomani, milango imefungwa mchana. Jioni wamemshika Kipungani. Wamemleta na Bi Mwana, mjane msuka mikeka. Wasema alimficha.

Alhamisi, 7 Machi
Nimeyasoma maelezo ya Bi Mwana, nitakayoyafasiri kortini. Kayaandika Sajenti, mtu wa bara. "Nalimpa mai, sikumuuza." Sajenti kamweleza Inspekta kuwa bibi akiri hakumsaliti mtoro. Basi, asema, alimjua.

Kwetu Amu kumuuza mtu ni kumuuliza. Bibi asema alimpa maji, hakumuuliza ni nani. Na Inspekta ndiye wa kunipendekeza chuo cha polisi.

Ijumaa, 8 Machi
Hotuba ya Ijumaa sikuisikia. Baada ya swala nimemwendea Sajenti, nikamweleza kwa adabu maana ya neno lile. Hakukasirika. Hilo limenitia hofu zaidi.

"Si wewe utakaye chuo chetu?" kasema. "Kesho fasiri kama ilivyoandikwa. Siku hizi hata makarani wa korti huenda kizuizini."

Sikula. Mama nimemwambia ni homa.

Jumamosi, 9 Machi
Bi Mwana kasimama na buibui lake, mdogo kuliko nilivyodhani. Sajenti mlangoni. Nimepewa maelezo niyafasiri. Kinywa nilikwisha kukifungua, na neno lililokuwa likija ni lile la Sajenti. Nimelisikia likija.

Nikaiweka karatasi chini. Kisha nikasema, "Bwana Hakimu, kwa Kiamu neno hili, kuuza, ni kuuliza."

Hakimu akataka bibi aulizwe upya. Nimemuuliza.

"Mwenye kiu hupowa mai, mwanangu," akajibu. "Jina la nini?"

Nimefasiri hivyo hivyo. Kaachiliwa. Inspekta katoka bila kunitazama.

Jumapili, 10 Machi
Mlango umegongwa. Nimejificha chooni. Kumbe muuza maziwa.

Jumatatu, 11 Machi
Nimekwenda kwa Bwana DC nikijua nitafungwa. Kanipa kiti. Inspekta amekwisha kunipendekeza. Eti polisi wanahitaji mtu ajuaye Kiamu.

Nafasi zote mbili, basi, wazi. Nimesema Unguja. Kauliza sababu. Nimesema mama. Sikuweza kumwambia kwamba ulimi wangu sasa naujua, na kwamba mbele ya watu kama Sajenti, kila siku, mwaka baada ya mwaka, hautastahimili.

Mshahara umepotea. Hilo nalo laniogopesha.

Alhamisi, 14 Machi
Chombo cha Unguja kesho, inshallah. Mama kafurahi. Sababu haijui.

Alasiri viatu vya askari vimepita uchochoroni. Nimekaa kimya mpaka vikaisha. Kisha nikaendelea kukunja kanzu.