Leso Iliyofunga Daftari la Nyapara

Kathiani, Machakos

Dada yangu Rukia,

Nakusalimu kutoka kwenye baridi iliyonivalisha koti mchana kutwa. Hamjambo huko Mazeras?

Nimempata Mama Nduku, binti wa nyapara aliyemsimamia baba yetu kwenye ujenzi wa reli. Daftari la kampuni nililoonyeshwa Nairobi limeandika kwamba baba "ametoroka", neno ambalo watu walimsimanga nalo mama mpaka akaingia kaburini. Lakini nyapara alikuwa na daftari lake mwenyewe. Nilipolinyoshea mkono, Mama Nduku alilivuta.

"Kula kwanza, mzee. Majina ya wafu haisomwi na mtu ako na njaa."

Nikala sahani mbili za muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe. Ndipo akalifungua. Baba yumo: alikufa kwa homa, akazikwa na wenzake kando ya reli karibu na Konza. Chini yake nyapara ameandika: "Ameacha leso ya mkewe, mpya."

"Leso hiyo iko wapi?" nikauliza.

"Si ndiyo hii imefunga daftari! Baba yangu alikosa mtu wa kuipeleka kwenu."

Daftari amekataa kunipa, na amefanya vyema: likipotea, ushahidi umepotea. Leso amenipa. Jumatatu nitaingia tena ofisi ile ya Nairobi, wala sitatoka kabla neno lile halijasahihishwa.

Tunza magoti yako, dada. Leso ina harufu ya moshi. Nitakapokukabidhi, jifunge kwanza mbele ya majirani, usiifue.

Kakako akupendaye,
Omari