Mafuta ya Nazi Ndani ya Kompyuta ya Amin

Twaiba, shoga yangu, hapa nyumba imezizima.

Ile kompyuta kuukuu ambayo mume wangu Amin aliiokota kwenye jaa la hoteli kule Galu, akaihangaikia mwaka mzima mpaka jana ikawaka? Basi imekwisha.

Mamake ameifungua akaipaka mafuta ya nazi. Ndani, Twaiba! Mpaka ile diski ya kuiwashia, na hatuna nyengine.

"Chumvi ya bahari yala vyuma, mwanangu. Cherehani yangu naitunza hivi hivi," akamwambia Amin.

Mafuta ya nazi!

Amin hakufoka. Alikaa chini akaipangusa diski kwa kanzu yake, akaipangusa tena, akasema, "Ahsante, mama."

Mama akafurahi. "Na zile kompyuta nyengine ulizoziokota ukaziweka uvunguni mwa kitanda, nimeshazipaka zote."