Mimi Ndiye Mwalimu Kidole

Mpendwa mshauri, mimi ndiye Mwalimu Kidole. Nimeandika sentensi hiyo nikaitazama kwa muda, kwa sababu sijawahi kuitamka mbele ya mtu, hata mbele ya kioo, na naomba unisaidie kabla ya Alhamisi ya mwisho ya mwezi huu, maana siku hiyo mama yangu ataitwa mbele ya kamati ya shule kwa kosa ambalo ni langu.

Nina miaka kumi na sita. Mama anafundisha hisabati katika shule ya msingi iliyo nyuma ya nyumba yetu, mimi niko sekondari. Shule ya msingi nilisoma kwa Kiswahili, huku juu tunasoma kwa Kiingereza, na siku ya kwanza niliponyoosha mkono nikajibu kwa lugha mbili zilizogongana mdomoni, darasa zima likacheka, hata mwalimu alicheka kidogo akajificha nyuma ya daftari, na tangu hapo mkono wangu haujapanda tena. Lakini nikirudi nyumbani kila nilichofundishwa kichwa changu hukigeuza Kiswahili chenyewe, taratibu, kama mtu anayekunja nguo, na sina wa kumwambia. Ndipo nikaanza kurekodi video.

Napanga vitabu mafungu mawili juu ya meza, nalaza simu katikati kama daraja, kamera ikitazama chini, na chini yake naweka sinia la mama nikiwa nimeligeuza, kwa sababu mgongo wake ni mweusi na chaki inaonekana vizuri. Ni sinia la zamani, limebonyea pembeni. Kinachoonekana ni sinia na kidole changu, basi. Sauti huwa naitia baadaye juu ya picha, na naipitisha kwenye programu inayoifanya nzito kama ya mjomba mwenye mafua. Dakika moja na nusu, somo moja: kwa nini nusu ni kubwa kuliko theluthi, asilimia inatoka wapi, pembe inapimwaje. Nilidhani wataangalia watu kumi. Sasa wanaangalia watoto wa shule nisizozijua, na hilo jina la Mwalimu Kidole wamenipa wao.

Kisha mama akaanza kuzitumia. Muhula huu mwalimu mwenzake yuko likizo ya uzazi, kwa hiyo mama ana madarasa mawili kwa saa moja, la sita na la saba, basi anawasha projekta kwa la sita, anawaachia video, anakimbilia la saba, anarudi akihema. Na nyumbani tukila anamsifu.

"Huyu Mwalimu Kidole hakurupuki," alisema siku moja akimwambia mdogo wangu wa darasa la nne. "Anajua mtoto anakwama wapi. Ningempata ningemshika mkono."

"Mimi naona ni babu mmoja hivi," mdogo wangu akasema. "Tena ana kucha chafu."

"Ni kucha za mtu wa kazi," mama akajibu, akaniongezea mchuzi ambao sikuuomba. Mimi nikaficha mkono chini ya meza.

Kosa langu ni hili. Nilitengeneza video ya kugawanya sehemu, robo tatu kugawanya kwa nusu, ikatoka dakika mbili na sekunde kumi. Watazamaji wangu hukimbia baada ya dakika moja na nusu, naona kwenye takwimu, kwa hiyo nikakata. Mwanzo nilisema hivi, kidole kikiwa juu ya robo tatu: "Hii ya kwanza usiiguse, iache ilivyo," halafu kidole kikahamia kwenye nusu nikasema, "Hii ndiyo unayoigeuza juu chini, kisha unazidisha." Nilikata sauti nikasahau kukata picha hapohapo. Ikawa sauti inasema "Hii ndiyo unayoigeuza juu chini" na kidole bado kimekaa juu ya robo tatu. Jibu lenyewe sikuliandika, nilijifanya mwalimu mkubwa, eti wamalizie wenyewe iwe zoezi. Jibu ni moja na nusu. Lakini ukigeuza ile ya kwanza, unapata theluthi mbili.

Ukaja mtihani wa pamoja wa shule tano. Darasa la sita la mama liliongoza, halijawahi kuongoza, karibu kila swali wamepata, isipokuwa maswali matatu ya kugawanya sehemu, ambayo watoto arobaini na mmoja kati ya arobaini na saba wameandika majibu yaleyale ya uongo, na la kwanza ni theluthi mbili. Wasahihishaji wakasema hapa kuna mtu aliyewaandikia majibu ubaoni, na matatu akayakosea.

Jumapili mchana mwalimu mkuu akaja nyumbani. Nikatumwa maji. Niliweka glasi mbili juu ya sinia, ndiyo, lilelile, lilikuwa mkononi kabla sijafikiri, na chaki bado iko mgongoni. Mama akainuka akanipokea, akampa mgeni maji, halafu badala ya kuliweka sinia mezani akalipakata mapajani muda wote mgeni alipokuwepo. Mimi nikasimama nyuma ya mlango wa jikoni.

"Mwalimu, watoto arobaini na mmoja hawawezi kuota ndoto moja," mwalimu mkuu alisema.

"Hawakuota. Walifundishwa."

"Walifundishwa kukosea?"

"Mwalimu wao ni mimi. Kama wamekosea, kosa wamelitoa kwangu."

"Basi nipe andalio la somo la siku hiyo nilione."

Mama akanyamaza. Mshauri, mama yangu hanyamazi, anabishana hata na redio, lakini siku ile alilikumbatia sinia tu.

"Mimi nakujua miaka kumi na miwili, dada yangu," mwalimu mkuu akasema. "Kamati haikujui. Kimya hiki wataandika kwamba umekubali, na watakutoa darasani."

"Wanitoe basi."

Sielewi kwa nini hakutaja video. Nadhani bado hajui kosa limetoka wapi, na mimi najua, na nimekaa kimya. Mara nne kidole changu kimesimama juu ya alama ya kufuta video ile. Nikiifuta, ile ndefu isiyokatwa nayo nikaifuta kwenye simu, hakuna atakayejua kamwe. Lakini mama ataondoka darasani kama mwizi. Nikisema, itabidi nisimame mbele ya watu tisa wa kamati, na huenda wakasema kumbe mama aliwaachia watoto wa watu mchezo wa mwanawe, nikawa nimemzamisha zaidi. Na mama mwenyewe, anayemheshimu Mwalimu Kidole kuliko wakaguzi, atajua ni mimi, nisiyeweza hata kumwamkia jirani bila kutazama viatu vyake. Mara tatu nimefungua mdomo nimwambie, mara tatu nikaishia kumuuliza kama chumvi imetosha.

Nifanye nini? Barua hii naiandika siku ya tatu sasa, na kila mtu akipita naifunika kwa daftari la fizikia. Nasikia hatua ukumbini, ni za mama, nazijua kwa jinsi anavyoburura kiatu cha kushoto akiwa amechoka, zimepita mlango wa mdogo wangu, zinakuja huku. Daftari liko hapa, karibu na kiwiko. Leo siifuniki.

MSHAURI ANAJIBU

Mwanangu Kidole,

Toa mkono kwenye hiyo alama ya kufuta. Video hiyo ndiyo shahidi pekee wa mama yako, na wewe umemshika shahidi shingoni mara nne. Fupi ibaki, ndefu ibaki.

Kabla sijakugombeza, kuna jambo hulijui. Barua yako ilinifikia ndani ya bahasha iliyoandikwa anwani kwa wino mwekundu, kwa mwandiko wa mtu aliyezoea ubao. Pale ulipoandika kwamba jibu ni moja na nusu, pana alama ya vema, nyekundu. Na chini ya mstari wako wa mwisho yapo maneno haya, na aliyeyaandika hakuniambia niyafiche:

"Mshauri, sinia ni langu. Lilibonyea siku tulipohamia nyumba hii, niliangusha mimi. Nililitambua tangu video ya kwanza. Sikumwambia, kwa sababu huyu ukimtazama sana anajificha, basi nikawa namsifu mezani kama namsifu mtu mwingine. Barua amenipa mwenyewe mkononi, akatoka nje. Mwambie ashike masomo yake. La kamati nitalibeba mimi."

Soma tena polepole. Mama hakukosa la kumjibu mwalimu mkuu. Angetaja video angekutaja wewe, akaona afadhali atajwe yeye. Ulimpa barua ukatoka, yeye akaisoma akaitia stempu, na sitashangaa nikiambiwa jioni ile mliulizana tena habari za chumvi. Nyumba yenu watu wanapendana kwa kupishana mlangoni. Nawaonea huruma, lakini siwasifu.

Sasa kosa lako. Kufupisha somo si kosa, wapo walimu wengi wangepaswa kufupisha. Kosa ni kurusha hewani kitu ambacho hukukitazama tena mpaka mwisho, kisha ukakinyima jibu kwa maringo. Mtoto aliye peke yake na skrini hana wa kumuuliza. Usipompa jibu la kujipimia, umemwacha njiani.

Na wewe mwalimu wa wino mwekundu, usidhani nimekusahau. Dakika moja na nusu ya mwanao ni chaki nzuri sana, ila chaki haijawahi kuuliza darasa, "Nani hajaelewa?" Hiyo ilikuwa kazi yako. Uliiacha ukakimbilia darasa la saba, najua, na hapo kamati nayo ina swali la kujibu: nani alimpa mtu mmoja madarasa mawili kwa saa moja? Uliulize. Huwezi kuliuliza ukiwa umeinamisha kichwa. Tena fikiria hili, wewe unayetaka kubeba. Ukikubali kuitwa mwizi wa mtihani, umewabebesha jina hilohilo watoto arobaini na mmoja ambao hawakuiba chochote. Walisikiliza kwa makini, wakafuata kidole. Kumkinga mmoja kwa kuwaacha uchi arobaini na mmoja si mapenzi ya mwalimu.

Kwa hiyo leo, mkishamaliza kusoma hapa, kaeni meza moja. Kidole, mwonyeshe mama ile ndefu kwanza, halafu fupi, isimamishe pale sauti ilipoitangulia picha. Kesho asubuhi nendeni wote wawili kwa mwalimu mkuu, msingoje Alhamisi. Mtu aliyemwita mama yako "dada yangu" anatafuta sababu ya kumwamini, mpeni. Mwombeni kamati iite watoto watano, mmojammoja, wafanye swali jipya ubaoni na waseme kwa nini wamegeuza ile ya kwanza. Watawaambia nani kawafundisha, tena kwa kujivunia. Kwenye ile fupi andika hapo juu kwamba ina kosa, na tengeneza nyingine inayoanza na neno "Nilikosea." Hiyo uitie sauti yako mwenyewe, mjomba na mafua yake apumzike. Na mama, kuanzia sasa kila video isimamishwe katikati, uliza swali, ndipo uiendeleze. Kama huna nafasi ya kuuliza, usiiwashe.

Unaogopa watu tisa. Hata mimi ningewaogopa. Lakini hakuna aliyekuomba hotuba. Siku ya kikao beba sinia, liweke mezani kwao likiwa limegeuzwa, andika robo tatu, andika nusu. Mama akae karibu, asikusemee. Sauti ikigoma, iache igome. Weka kidole juu ya ile ya kwanza, utikise kichwa, kisha kihamishe.